Mchezo wa Kona

4 Machi

Kwako Mama,

Shikamoo. Natumaini mguu unaendelea vizuri ndani ya plasta, na kwamba daktari amekuzoea. Mimi ni mzima, Mjomba ni mzima. Simu yangu haijapona tangu ilipotumbukia kwenye pipa la maji, kwa hiyo vumilia barua. Mimi nazipenda barua hizi za nukta nundu. Hata mtu akizifungua njiani haambulii kitu.

Nina habari kubwa. Chama chetu kitatunukiwa! Ile kamati inayotoa heshima kila mwaka kwa mashirika yanayosaidia watu imetuchagua sisi. Jana Mwenyekiti aliamuru mashine zote za brashi zizimwe, akasimama katikati ya karakana, akatangaza kwa sauti yake ya opereta wa simu: "Mabibi na mabwana msioona, kuna mtu ametuona." Watu wakacheka mpaka Soga, yule mzee wa meza ya mafagio anayetania hata msibani, akadondokea kwenye rundo la nyuzi.

Unajua kilichoivutia kamati? Si brashi tunazouza hospitalini, wala si darasa la kutembea kwa fimbo. Ni mchezo wa kona, na aliyeuanzisha ni Mjomba!

Ulianza wakati wa mvua. Mjomba, anapotuendesha kazini kwa gari la Chama, akikaribia mahali pa kukata kona hupaza sauti: "Haya, wataalamu, kona iko wapi?" Nyuma tunaanza kugombana. "Bado!" "Inakuja!" Kwanza ni harufu ya pumba kutoka kinuni, kisha daraja linatupiga matako, halafu ukuta mrefu unarudisha mlio wa injini. Mlio ukikatika ghafla, hapo ndipo kona, na wa kwanza kusema "Kata!" hukaa kiti cha mbele kesho yake. Mama, watu waliokuwa wakisinzia njia nzima kama magunia sasa wanaijua njia. Wawili wameanza kuja kazini kwa miguu. Mwenyekiti anasema walimu wa kutembea wamehangaika miaka kutufundisha kutega masikio, na dereva ametufundisha kwa utani.

Siku ya sherehe wageni watapanda gari letu waone mchezo wenyewe. Barabara ya ukutani inachimbwa, kwa hiyo tutapita barabara ya sokoni, ambayo hakuna hata mmoja wetu anayeijua. Mwenyekiti anasema ni vizuri zaidi, wasije wakadhani tumekariri.

Mwanao.


9 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mguu unaniwasha, na daktari hajanizoea.

Kipongeze Chama kwa niaba yangu. Nilipokuleta hapo mara ya kwanza nilikuwa nimekushika mkono kwa nguvu hata ukalalamika, na Mwenyekiti akaniambia, "Mwalimu, mwachie, hapotei." Sikumpenda siku ile. Nilimpenda baadaye, uliponiandikia kwamba umefika kazini peke yako.

Sasa naomba unijibu maswali yafuatayo bila kupamba. Mjomba wako huuliza kabla ya kona, au akiisha kuikata? Huuliza kila siku, au siku anapojisikia kucheza tu? Na msipojibu, hufanya nini?

Usimwambie kwamba nimeuliza. Mimi ni mwalimu mstaafu asiye na madaftari ya kusahihisha, basi nimeamua kumsahihisha mjomba wako.

Mamako.


9 Machi

Mdogo wangu,

Nimesikia sifa zako na za Chama. Hongera.

Ulipima macho lini? Naomba jibu la sentensi moja.

Dada yako.


15 Machi

Dada mpendwa,

Shikamoo. Umeomba sentensi moja, nakupa: naona vizuri mpaka mawazo ya watu.

Mpwa wangu hajambo. Anakula, anabishana, anaimba wakati wa kufua. Juzi nilimwaga chai kwenye mkeka wake, akanisema kutwa nzima. Kikombe kilikuwa karibu na kiwiko changu, na viko vikombe vinavyopenda kukaa mahali pa kijinga. Gari nalo limechubuka ubavuni kote kuwili, maana watu wa hapa wanaegesha kama wanaosukumwa na upepo. Usijali. Siku ya sherehe litapigwa rangi.

Nitapewa cheti, Dada. Cheti cha dereva asiyewahi kupata ajali tangu aajiriwe. Mwenyekiti ameniambia nitafute koti. Wenzangu wananiita Breki, unajua kwa nini? Kwa sababu tangu Chama kinunue gari lile, hakuna abiria aliyewahi kurushwa kitini. Mimi nawabeba kama mayai.

Acha kuniuliza mambo ya hospitali. Pona mguu.

Mdogo wako,
Breki.


16 Machi

Kwako Mama,

Shikamoo. Haya, majibu ya mtihani.

Huuliza kabla ya kona. Kila mara ni kabla. Akiuliza baada ya kukata, mchezo utakuwa wa nini?

Huuliza kila siku, kwenda na kurudi, hata siku anapoumwa kichwa na hataki kusema na mtu.

Tusipojibu? Hilo ngoja nikusimulie, kwa sababu ndilo linalonifanya nikuandikie leo badala ya Jumapili.

Wiki iliyopita Soga alitushawishi tumkomoe. Alisema, "Leo akiuliza, hakuna mtu kutoa pumzi. Tumwone atapitaje bila wataalamu." Tukakubaliana. Tumepita kinu, tumepita daraja. "Haya, wataalamu, kona iko wapi?" Kimya. Tumebana midomo, kuna mtu ananifinya paja ili asicheke. Mjomba akauliza tena. Kimya. Ukuta ukaanza, nikausikia unarudisha mlio wetu, na gari likapunguza mwendo mpaka likawa linatambaa. Ukuta ukakatika. Hakukata kona. Akauliza mara ya tatu, na Mama, sauti ile haikuwa ya mchezo. Alisema, "Jamani, semeni basi." Gari la nyuma likapiga honi. Ndipo akakata, na tairi la kushoto likaingia mtaroni, tukalaliana upande mmoja kama nguo kamba inapokatika.

Tulicheka! Soga alicheka mpaka akakohoa. "Breki kachanganyikiwa bila sisi!" Wapita njia wakaja, wakatusukuma, tukatoka. Mimi siku hiyo nilikuwa kiti cha mbele. Nilinyoosha mkono nimpigepige begani, nikakuta mkono wake kwenye usukani. Ulikuwa umelowa jasho.

Hakutukemea. Alituendesha taratibu mpaka karakanani. Nilimwuliza nyumbani kama amekasirika, akasema, "Msirudie tena." Akaenda kulala bila kula.

Mama, kwa nini unaniuliza haya?

Mwanao.


21 Machi

Mdogo wangu,

Sikusalimu leo. Nimekupigia simu kila siku tangu nilipopata barua ya mpwa wako, nawe hupokei. Basi soma.

Unamkumbuka Baba alivyokuwa akituita barazani? "Haya, nani mwenye akili ataniambia anayekuja ni nani?" Tukishindana kutaja. Wewe ulikuwa mdogo, ukitaja kwanza alikupa sukari mkononi. Tulidhani anatupima akili. Mama alidhani anatupima akili. Mpaka siku alipompita Mama njiani bila kumsalimia, na ikajulikana kwamba alikuwa ameacha kuona kitambo, na kwamba watoto ndio waliokuwa macho yake bila kuajiriwa.

Mchezo wako nimeutambua. Niliutambua katika barua ya kwanza, nikajiambia ni uzee unaoniwazisha mabaya.

Unawapakia watu wasioona, unawaendesha usikokuona, na unawauliza njia. Nimekaa na sentensi hiyo tangu asubuhi, natafuta namna ya kuilainisha, na haipo. Binti yangu hukaa kiti cha mbele.

Teremka katika gari hilo. Mwambie Mwenyekiti kabla ya sherehe. Usipomwambia wewe, nitamwambia mimi.

Dada yako.


26 Machi

Dada,

Shikamoo. Nimesoma barua yako nikiwa ndani ya gari, nimeegesha uani, madirisha yamefungwa.

Ni kweli.

Nilikwenda hospitalini wakati wa mvua. Daktari alisema ni presha ya macho, na kwamba kilichokwisha kupotea hakirudi. Kilichobaki kinaweza kulindwa kwa dawa, kwa muda. Aliniambia nisiendeshe. Nilimjibu, "Sawa, daktari," nikatoka, nikaingia garini, nikawapeleka watu nyumbani.

Sijapofuka. Hilo nataka ulielewe. Mbele naona. Barua yako naisoma, ila neno baada ya neno, kama ninachungulia ndani ya bomba. Kisicho ndani ya bomba hakipo. Kikombe hakipo mpaka kianguke. Mtu hayupo, halafu yupo mbele ya bampa, kama aliyetemwa na ardhi. Kona ya kushoto haipo. Natakiwa kugeuza kichwa kama jogoo ili niipate, na nikigeuza, ya mbele inatoweka. Siku ya kwanza kuwauliza, nilikuwa nimepotea katika njia niliyoipita maisha yangu yote ya kazi. Niliuliza kwa hofu, nikaitia kicheko juu yake. Wakajibu. Wakafurahi. Kesho yake wakanikumbusha, "Breki, mbona huulizi?"

Sasa nisikilize kabla hujanihukumu. Wapo watu wengi wanaongoja kusikia jambo kama hili. Mwenyekiti amekuwa akibisha hodi kwenye maofisi tangu ujana wake, akiwaambia kwamba asiyeona anaweza kushika mashine, anaweza kutengeneza kitu na kikanunuliwa kwa ubora wake, si kwa huruma. Wanamwitikia kwa adabu, wanamrudisha na zawadi ya sabuni. Mwaka huu wamemsikia. Ikijulikana, watasema nini? Watasema vipofu walipakiwa na kipofu, na hakuna hata mmoja aliyejua. Watakicheka Chama, Dada. Hawatanicheka mimi, watawacheka wao.

Niache nifike siku ya sherehe. Siku inayofuata nitasema nimechoka, nitaacha kazi, na mchezo utabaki kuwa mzuri. Jumapili nitaipita barabara ya sokoni peke yangu ili niishike kichwani.

Kuna jingine, na hili sijalisema hata nikiwa peke yangu. Kila siku nawashika mikono kupanda na kushuka. Nimewaambia vijana waliopoteza macho juzi, wanalia langoni, "Njoo, humu maisha yapo." Nimeyasema kwa moyo mmoja. Kumbe nilikuwa nayasema kwa sababu mimi nilikuwa nje. Naogopa, Dada. Naogopa kuwa kama wao, na naogopa wasije wakanusa hofu hiyo, maana watajua ninavyowaona.

Usimwandikie Mwenyekiti.

Mdogo wako.


30 Machi

Mwanangu,

Salamu. Nakuandikia jambo moja, na nakuomba ulitii bila kuuliza sababu, kama ulivyokuwa ukitii ulipokuwa mdogo.

Usipande gari la Chama. Nenda kazini kwa miguu na wale wawili, au ubaki nyumbani. Siku ya sherehe usipande kabisa, hata wakikubembeleza.

Nitakueleza baadaye. Nakupenda.

Mamako.


4 Aprili

Kwako Mama,

Shikamoo.

Barua yako niliisoma, nikairudia, nikidhani vidole vimenidanganya.

Nilijua siku hii itafika. Nilikusimulia kisa cha mtaroni kama kichekesho, nawe umekifanya kamba ya kunifungia. Ndivyo ilivyokuwa siku zote. Nilipojikwaa kwenye ngazi ukaniondoa shule ya bweni. Nilipoungua kidole ukanizuia jikoni, nikajifunza kupika hapa, kwa Mwenyekiti, nikiwa mtu mzima ninayeona aibu. Unasema "bila kuuliza sababu." Mama, mimi nina mshahara. Nina ufunguo wa karakana. Ni mimi ninayekagua brashi za hospitali kabla hazijafungwa, na hakuna iliyorudishwa.

Siku ya sherehe nitakaa kiti cha mbele. Nimepigiwa kura na wenzangu. Mwenyekiti atakuwa nyuma yangu, na mgeni rasmi kando yake. Nitasema "Kata!" kwa sauti ambayo pengine utaisikia huko uliko.

Naomba siku moja tu usiogope kwa niaba yangu.

Mwanao.


7 Aprili

Mwanangu,

Ulivyoniandikia ni haki yako, na baadhi ni kweli. Tutayazungumza. Leo hapana nafasi.

Mjomba wako haoni. Anaona mbele tu, sehemu ndogo kama mdomo wa bomba. Kushoto haoni, kulia haoni. Mchezo wa kona si mchezo. Anawauliza kwa sababu hajui kona ilipo. Siku mliyonyamaza alikuwa amepotea, nanyi nyote mlikuwa mikononi mwa mtu aliyekuwa mikononi mwenu.

Amekiri kwangu kwa mkono wake. Daktari amemkataza. Barabara ya sokoni hajaizoea, nanyi hamuijui.

Nilimficha kwa sababu ni mdogo wangu na aliniomba. Juzi nilipiga simu ofisini kwenu. Karani akasema, "Chama, karibu," nami nikakata. Nilishindwa kutoboa siri ya ndugu yangu kwa mtu nisiyemfahamu. 

Barua hii nimempa kondakta wa basi la asubuhi ili iwahi. Ukiipata, mpelekee Mwenyekiti mara moja. Usimwogope mtu, usimwonee mtu haya. Wazuie wasipande.

Mamako.


10 Aprili

Kwako Mama,

Shikamoo. Tu hai wote. Nimeanza na hilo ili uweze kusoma yaliyobaki.

Unajua nani alikwenda stesheni ya basi kuichukua barua yako? Mjomba. Ndiye anayechukua mizigo yetu yote. Hakunipa nyumbani. Alinipa jana, wageni wamekwisha kupanda, mlango umefungwa, yeye anaingiza gia. "Barua ya mamako. Labda amekusamehe." Akacheka kidogo. Ilikuwa mfukoni mwake tangu asubuhi, Mama, hukumu yake mwenyewe, naye haijui.

Sikutaka kuifungua mbele ya watu. Lakini nilikuwa na hasira nawe, na hasira haina subira. Niliitia ndani ya mkoba na kuisoma humo kwa vidole vya mkono wa kushoto, huku nikimjibu mgeni rasmi aliyekuwa ananiuliza kama nafurahia kazi yangu. Nikamwambia yule mama, "Ndiyo, mama, sana." Hapo ndipo vidole vilipofika penye "haoni."

Tulikuwa tumekwisha kuingia barabara ya sokoni.

Nilidhani nitapiga kelele, kumbe nilitega masikio. Nilisikia kila kitu kwa wakati mmoja. Nyundo za mafundi, redio, miguu ya watu karibu sana na mlango wangu. Mjomba akasema kwa furaha, "Haya, wataalamu, kona iko wapi?" Wageni wakapiga makofi. Nyuma wakaanza kubahatisha. "Nasikia harufu ya ngozi!" "Hapana, ni sabuni!" "Bado!" "Kata!" "Nani kasema kata?" Kila mtu anacheka. Nikasikia pumzi ya Mjomba. Alikuwa anavuta hewa kama mtu anayezama, na hakuna aliyeisikia ila mimi, kwa sababu mimi tu ndiye niliyejua cha kusikiliza.

Kitu kikagonga ubavu wetu, nadhani ni mkokoteni, na mtu akatukana nje: "We dereva! Kipofu wewe?"

Mama, gari zima lilipasuka kwa kicheko. Soga akatoa kichwa dirishani: "Umekosea, bwana! Vipofu ni sisi, huyo ndiye dereva!" Hata mgeni rasmi alicheka, na mpiga picha. Wasiocheka walikuwa watu wawili, tumekaa bega kwa bega kiti cha mbele.

Halafu nikasikia watoto upande wangu, wengi, wamefunguliwa kutoka shuleni.

Nikamshika goti. Nikamwambia taratibu, "Mjomba, simama."

Akasema, "Siwezi. Wageni."

Nikamwambia, "Mama ameniandikia."

Gari likasimama. Halikurusha mtu. Hata katika hilo alitubeba kama mayai.

Mgeni rasmi akauliza, "Tumefika?" Nilikuwa nimekwisha kutayarisha uongo. Ningesema injini imeharibika, na sote tungeshuka salama, na sherehe ingeendelea. Nilifungua mdomo. Lakini Mjomba alizima gari, akaondoa ufunguo, akauweka kwenye mapaja yangu, akasema bila kugeuka: "Mama mgeni, mimi sioni pembeni. Tangu mvua. Hawa hawakujua. Andikeni kwamba hawakujua."

 Soga akaanza, "Kwa hiyo siku ile tuliponyamaza..." hakumaliza. Ndipo hofu ikatupata, Mama, ya safari zote zilizopita, zote kwa pamoja. Mtu mmoja alitapika. Mama Mapacha, yule wa mashine ya kutoboa mbao, aliinuka akampiga Mjomba mgongoni kwa ngumi, akimwambia, "Nina wanangu nyumbani! Nina wanangu!" Mjomba hakuinua mkono kujikinga. Sijui kama aliziona zikija.

Mwenyekiti akasema, "Shukeni. Tutatembea." Tukatoa fimbo. Tukapita katikati ya soko kwa mstari, tukiuliza njia, wageni nyuma yetu na viatu vyao vizuri. Mjomba alibaki amesimama karibu na gari, kwa sababu umati ule ulikuwa unamtokea kila upande. Mwenyekiti alirudi, akapapasa mpaka akampata, akampa kiwiko chake. Yeye asiyeona hata mwanga.

Ukumbini Mwenyekiti alipanda jukwaani akaeleza yote, asipunguze. Alisema, "Mlikuja kutusifu kwa mchezo. Mchezo huo ulikuwa kilio cha mtu anayeogopa, na sisi, ambao tupo kwa ajili ya watu hao, hatukukisikia. Heshima hii siwezi kuipokea leo." Akashuka. Hakuna aliyejua kama apige makofi.

  Mama, nisamehe kwa barua yangu ile. Na usinizuie kupanda gari jingine.

Mwanao.


21 Aprili

Dada,

Shikamoo. Mpwa wangu atakuwa amekwisha kukueleza. Sina la kuongeza wala la kupinga.

Kamati imewapa wengine ile heshima. Mwenyekiti alitusomea karakanani, kisha akaagiza mashine ziwashwe, kwa sababu hospitali zilikuwa zinangoja brashi zao.

Wanachama walikaa kikao juu yangu. Nilikuwepo. Mama Mapacha alitaka nifukuzwe, na nilipoulizwa kama nina la kusema, nilisema ana haki. Soga hakutania hata mara moja, na hilo linaumiza kuliko ngumi. Ndipo Mwenyekiti akasimama. Alisema: "Chama hiki kiliundwa kwa ajili ya watu wanaopoteza macho na wanaogopa. Hatukuandika mahali popote kwamba wawe wema. Gari hutalishika tena mpaka ufe. Meza ya nyuzi ina nafasi moja." Wakapiga kura. Nilipita kwa shida.

Kwa hiyo nimekaa meza ya nyuzi. Kazi ni kushika fungu la nyuzi, kulikunja, kulisukuma kwenye tundu la ubao, na kulivuta kwa waya. Vijana ninaokaa nao hufanya huku wakipiga gumzo. Mimi bado nainamisha uso nilipate tundu ndani ya bomba langu, na mkufunzi hunigusa paji la uso na kuniinua taratibu. "Kwa vidole, Breki. Macho yako yaachie mambo mengine." Mama Mapacha yuko ng'ambo ya karakana. Hajanisalimia. Jana alinisukumia waya ulipokwisha kwangu, akaenda zake.

Nisikudanganye kwamba nimetulia. Asubuhi nikiamka, kabla sijafungua macho, nabaki nimeyafumba kwa hofu ya kukuta bomba limepungua tena. Nanunua dawa, natia matone, nahesabu kilichobaki katika uso wa mpwa wangu: macho yote mawili, pua, mdomo. Masikio sasa hayamo.

Dada, plasta ikitolewa, njoo. Usingoje mvua zipite, usingoje kushona nguo. Usilete kitu. Kaa kwenye kiti mbele yangu, karibu, usiseme neno, hata la kunigombeza. Kwa sasa uso wako bado utaenea ndani ya bomba.

Mdogo wako.